Robert Bosch: Mwana wa mkulima aliyelipatia lori la dizeli pampu yake

NOVEMBA 2021 wenye malori na pikapu kubwa za Ram nchini Marekani walipata habari ambayo wengine wao walikuwa wakiisubiri kwa hamu. Kampuni iliyoyatengeneza magari hayo ilitangaza kwamba inayaita zaidi ya 220,000, ya matoleo ya 2019 na 2020 yenye injini ya dizeli ya Cummins ya lita 6.7, ili yabadilishiwe pampu ya mafuta bila mwenyewe kutoa hata senti moja. Sababu iliyotolewa ni kwamba pampu ya shinikizo kubwa ingeweza kufa kabla ya wakati wake, ikamwaga chembe za chuma kwenye mfumo wa mafuta na gari likapoteza nguvu likiwa barabarani.

Msomaji mwenye lori hahitaji kuelezwa uzito wa jambo hilo. Pampu ya dizeli ikisagika haifi peke yake. Chembe zake hubebwa na mafuta hadi kwenye nozeli, na nyingine hurudi mpaka kwenye tangi. Kwa hiyo fundi anayeijua kazi yake hafungui pampu mbovu na kufunga mpya kisha akamkabidhi mtu funguo. Hukagua mfumo mzima kama una vumbi la chuma, na akilikuta hubadilisha mabomba, nozeli na kila kilichoguswa. Bili ya kazi hiyo, kwa mtu anayeishi kwa lori moja, ni ya kumfunga biashara. Nchini Marekani sheria ya mwaka 1966 ya usalama wa magari humtwika mtengenezaji mzigo huo pale kasoro inapohatarisha maisha barabarani, na waliokwisha kulipa mfukoni mwao kabla ya wito huweza kudai kurudishiwa.

Pampu iliyotolewa kwenye malori hayo inaitwa CP4. Iliyofungwa mahali pake inaitwa CP3, ya muundo wa zamani zaidi. Zote mbili ni za Bosch. Jina lilelile lilitolewa kwenye injini, na jina lilelile likarudishwa. Mwenye jina hilo alikuwa kaburini tangu 1942, naye katika uhai wake alijulikana kwa kusema mara kwa mara kwamba ni afadhali apoteze fedha kuliko apoteze imani ya mnunuzi. Inafaa kumfahamu, kwani wengi wetu jina lake tunalisoma kwenye plagi, kwenye drili za mafundi seremala na kwenye majokofu, tukidhani ni neno la kiwandani tu.

Robert Bosch alizaliwa Septemba 23, 1861 katika kijiji cha Albeck karibu na mji wa Ulm, kusini mwa Ujerumani. Alikuwa wa 11 kati ya watoto 12. Baba yake, Servatius, alikuwa mkulima mwenye uwezo, aliyekuwa pia na nyumba ya wageni kijijini. Mwaka 1869 familia iliacha kijiji na kuhamia Ulm, na huko ndiko Robert aliposoma. Masomo hayakumvutia sana. Alipenda mimea na wanyama, na mapenzi hayo hayakumtoka hadi uzeeni, kama tutakavyoona.

Mwaka 1876 alipelekwa kuwa mwanagenzi wa ufundi wa vyombo vidogo vya chuma. Miaka mitatu aliyokaa hapo aliikumbuka kwa uchungu, kwa sababu mwenye karakana alikuwa hana muda wa kuwafundisha vijana. Msomaji atakuwa amewaona vijana wa namna hiyo gerejini, wanaotumwa chai na kuosha vipuri mwaka hadi mwaka, na siku wanapoondoka hawajui hata kupima uwazi wa vali. Bosch hakulisahau hilo. Alipokuwa tajiri, mwaka 1913, alifungua karakana maalumu ya wanagenzi ndani ya kiwanda chake, yenye walimu wake na mashine zake.

Baada ya hapo alitangatanga, kama ilivyokuwa desturi ya mafundi wa Kijerumani wa wakati ule. Alifanya kazi hapa na pale, akatumikia jeshi kwa mwaka mmoja, akahudhuria chuo cha ufundi cha Stuttgart kwa muda mfupi. Mwaka 1884 alivuka bahari hadi New York, akafanya kazi katika viwanda vya vifaa vya umeme vilivyohusiana na shughuli za Thomas Edison. Marekani ilimfundisha mambo mawili. Aliona jinsi mashine inavyoweza kutoa vipande vingi vinavyolingana. Aliona pia jinsi mfanyakazi anavyotupwa kazi zinapopungua, akajiunga na chama cha wafanyakazi cha Knights of Labor. Mwaka uliofuata alipitia kiwanda cha Siemens mjini London, kisha akarudi nyumbani.

Novemba 15, 1886 alifungua karakana yake katika jengo la uani mjini Stuttgart. Mtaji ulikuwa mark 10,000, fedha za urithi. Wafanyakazi walikuwa fundi mmoja na kijana wa kutumwa. Walifunga kengele za umeme, simu, na vyombo vya kuonyesha kina cha maji. Kazi zilikuja kwa mafungu. Mara nyingine aliajiri, mara nyingine alilazimika kupunguza watu na kukopa kwa ndugu ili mlango usifungwe. Karibu mwaka 1890 alinunua baiskeli, chombo kilichokuwa kigeni mjini humo, akawa anazunguka nacho kwa wateja kukagua kazi za mafundi wake. Walioiona baiskeli walidhani ni mbwembwe. Kwake ilikuwa njia ya kufika kabla mteja hajaanza kulalamika.

Kitu kilichomwinua kilianza kama oda ya kawaida. Mwaka 1887 mteja mmoja alitaka atengenezewe magneto, yaani chombo cha kutoa cheche ya kuwasha mafuta ndani ya injini, kama ile iliyokuwa ikitumika kwenye injini za Deutz. Bosch aliulizia kwanza kama kuna hataza inayomzuia. Hapakuwa na hataza. Akaiunda, akairekebisha, na oda nyingine zikafuata. Hadi 1896 alikuwa ametengeneza magneto 1,000, zote za injini zisizotembea, zile za kuendesha mashine za karakana na za mashamba.

Mwaka 1897 Mwingereza aliyezaliwa Ujerumani, Frederick Simms, alimletea pikipiki ya magurudumu matatu ya De Dion-Bouton na kumtaka aifungie magneto. Injini ile ndogo ilizunguka haraka mno kwa magneto za zamani. Fundi wake mkuu, Arnold Zähringer, alipata njia ya kuzungusha sehemu nyepesi tu ya chombo badala ya ile nzito, na tatizo likaisha. Mwaka 1902 Gottlob Honold, kijana aliyetoka karibu na kijiji cha Bosch, alikamilisha magneto ya umeme wa nguvu kubwa pamoja na plagi. Magari ya wakati ule yalikuwa yakizimika ovyo kwa sababu ya cheche. Sasa yakawa yanawaka. Mwaka 1906 magneto ya 100,000 ilitoka kiwandani.

Katika mwaka huohuo Bosch alianzisha siku ya kazi ya saa nane, wakati viwanda vingi vilikuwa vikiwafanyisha watu kazi kwa saa kumi au zaidi. Mabepari wenzake walimwita Bosch Mwekundu. Haikuwa huruma tupu. Zamu mbili za saa nane zilizifanya mashine za bei kubwa zisilale, na mtu asiyechoka huharibu vipande vichache. Yeye mwenyewe alishikilia kwamba mshahara mzuri ndio uliomletea fedha, wala si fedha zilizomwezesha kulipa mshahara mzuri. Hata hivyo asidhaniwe alikuwa malaika wa wafanyakazi. Mwaka 1913 palipotokea mgomo mkubwa alikasirika, akajiunga na umoja wa waajiri aliokuwa ameukwepa.

Kufikia mwaka huo kiasi cha asilimia 88 ya mauzo yake kilitoka nje ya Ujerumani. Hapo ndipo palipokuwa na hatari. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza 1914, ofisi na viwanda vyake katika nchi za upande wa pili vilichukuliwa kama mali ya adui. Kiwanda cha Springfield, jimbo la Massachusetts, kilichukuliwa na serikali ya Marekani mwaka 1918 na kuuzwa, jina likiwamo. Kwa miaka kadhaa baadaye palikuwa na Bosch mbili sokoni, moja ya Stuttgart na nyingine ya Wamarekani wasiomhusu. Anayefanya biashara ya vipuri katika miji yetu anaijua adha ya jina moja kuwa mikononi mwa watu wawili, ingawa huku kwetu huyo wa pili huwa hata hakununua mahakamani.

Pengine ndiyo sababu mwaka 1921 yalianzishwa mambo mengine mapya. Mjini Hamburg ilifunguliwa karakana ya kwanza ya Huduma ya Bosch, mahali ambapo mwenye gari angeweza kupeleka magneto au taa ya Bosch ikatengenezwa na fundi aliyefunzwa, kwa vipuri halali. Mtandao huo ulienea Ujerumani na kisha nchi nyingi duniani. Lori la Marekani linapoingia leo kwa wakala kubadilishiwa pampu kwa wito wa kiwanda, linaingia katika utaratibu wa aina hiyohiyo, ambapo aliyeuza kitu hukubali kukipokea tena kikiwa kibovu.

Pampu iliyotokana na huzuni

Sasa tufike kwenye dizeli. Rudolf Diesel alipata hataza yake 1893, na mwaka 1897 mjini Augsburg injini yake ya nguvu farasi 20 ilionyeshwa ikigeuza kiasi cha asilimia 26 ya joto la mafuta kuwa kazi, jambo ambalo hakuna injini nyingine ya zama zile iliyolikaribia. Lakini mafuta yalisukumwa ndani ya silinda kwa hewa iliyogandamizwa na kompresa kubwa. Katika meli au kiwandani hilo halikuwa tatizo. Ndani ya lori kompresa ya namna hiyo ingekula nafasi ya mzigo. Diesel mwenyewe alipotea baharini 1913 akiwa njiani kwenda Uingereza, na hakuliona lori la dizeli.

Mwishoni mwa 1922 Bosch aliamua kwamba kampuni yake itengeneze pampu ya kupulizia dizeli bila kompresa. Alikuwa na miaka 61. Mwaka mmoja kabla alikuwa amemzika mwanawe wa kiume aliyeitwa pia Robert, aliyemtarajia kuwa mrithi, baada ya ugonjwa wa miaka mingi. Honold, kichwa cha ufundi wake kwa miaka 20, alifariki Machi 1923, kazi ya pampu ikiwa ndiyo kwanza imeanza. Nje ya lango la kiwanda mark ya Ujerumani ilikuwa ikiporomoka kila siku, hadi mkate ukanunuliwa kwa mabilioni. Mtu wa umri wake na mali yake angeweza kupumzika, na sidhani kuna ambaye angemlaumu.

Kwa nini hakupumzika? Injini ya dizeli haina plagi wala magneto. Mafuta huwaka yenyewe kwa joto la hewa iliyobanwa. Kama malori ya dunia yangehamia kwenye dizeli, mtu aliyetajirika kwa kuuza cheche angebaki na ghala la vitu visivyonunuliwa. Bosch aliona afadhali auze kile ambacho kingeiua bidhaa yake kuliko kumwachia mwingine akiuze. Wapo wafanyabiashara wengi wanaoliona wimbi kama hilo likija, lakini wachache hulifuata wangali na fedha benki.

Mapema 1923 palikuwa na michoro kiasi cha 12 ya pampu mbalimbali, na katikati ya mwaka majaribio yakaanza kwenye injini. Ugumu wake hauonekani kwa macho. Pampu inatakiwa ipime tone la mafuta dogo kuliko kichwa cha kiberiti, ilisukume kwa nguvu kubwa kwenye silinda kwa wakati uleule kila mzunguko, tena kiasi sawa kwa kila silinda. Pistoni yake na mfuko wake husagwa hadi uwazi kati yao uwe elfu chache tu za milimita, ilhali unywele wa mtu una kiasi cha elfu 60 au 70 za milimita. Ndiyo maana fundi mzuri wa pampu hachanganyi pistoni ya mfuko mmoja na mfuko wa jirani. Vilisagwa pamoja, na lazima viendelee kuishi pamoja.

Mwanzoni hakuna mashine zilizoweza kusaga kwa ustadi huo kwa maelfu. Ilibidi ziundwe kwanza. Hataza nyingine zikanunuliwa, vyuma vikajaribiwa na kutupwa. Wakati huohuo MAN na Benz walikuwa wamekwisha kuonyesha malori yao ya kwanza ya dizeli, mwaka 1924, na Benz-Sendling walikuwa na trekta la dizeli hata kabla ya hapo. Kila mmoja alihangaika na pampu yake mwenyewe, na kila moja ilikuwa na ugonjwa wake. Soko lilikuwa wazi kwa yeyote ambaye angewaletea pampu moja ya kuaminika.

Uzalishaji ulianza Novemba 1927, na malori ya MAN yalikuwa miongoni mwa ya kwanza kuifunga. Mwaka 1934 pampu ya 100,000 ilikamilika. Mwaka 1936 Mercedes-Benz ilitoa 260 D, gari dogo la dizeli lililopendwa sana na wenye teksi kwa ubahili wake wa mafuta. Kuanzia hapo lori, trekta, jenereta na pampu ya maji ya mkulima vikaanza kuhamia kwenye dizeli, na vingi vikiwa na chombo kilichotoka Stuttgart au kilichotengenezwa na wengine kwa leseni yake.

Jinsi pampu mpya inavyokufa

Pampu za safu za enzi ya Bosch zilikuwa nzito, na shafti yake ililainishwa kwa oili. Zilivumilia mengi, na mafundi wa zamani wanazisifu hadi leo. Pampu za kisasa ni ndogo na hubana mafuta hadi kiasi cha bar 2,000, wakati tairi la gari dogo hujazwa bar 2 na ushei. Katika CP4 hakuna oili. Dizeli inayopita ndiyo inayolainisha vyuma. Ndani yake mna rola zinazokimbia juu ya vinundu vya shafti, na rola ikigeuka upande, badala ya kubingirika huanza kukwangua. Vumbi la chuma linalotokea ndilo linalomaliza mfumo mzima. CP3 haina rola hizo. Pistoni zake tatu husukumwa na pete yenye nyuso bapa, nayo imejijengea jina la uvumilivu.

Ubora wa mafuta una sehemu yake. Dizeli hupimwa uwezo wa kulainisha kwa kusugua kijipira cha chuma ndani yake na kupima ukubwa wa kovu. Kiwango cha Ulaya kinaruhusu kovu lisilozidi mikroni 460, cha Marekani 520. Dizeli ya Marekani yaweza basi kuwa kavu zaidi kuliko ile ambayo wahandisi wa Ulaya waliizoea. Wenye magari waliofungua kesi huko Marekani walishikilia kwamba pampu haikufaa kwa mafuta ya nchi hiyo, na makampuni yakabishana nao kwa miaka. Kwa maoni yangu, mwenye lori hapaswi kubeba mzigo wa ugomvi huo. Yeye alinunua gari la kutumia mafuta ya kituo cha jirani, na hayo ndiyo aliyotia.

Hapa kwetu ukavu wa dizeli uliletwa kwa makusudi na wachakachuaji waliochanganya mafuta ya taa. Mafuta ya taa hayalainishi vyuma kama dizeli. Tanzania ilipandisha kodi yake mwaka 2011 na Kenya ikapandisha 2018, zote zikitaja uchakachuaji, ili ile faida ya kuchanganya ipungue. Walioua pampu zao kabla ya hapo hawakuwa na kiwanda cha kuwaita warudi. Wala mwenye lori lililoingia nchini likiwa limetumika asitegemee kwamba barua ya kiwanda itamfikia, kwani wito hutumwa kwa anwani za wamiliki wa nchi lilikouzwa. Hata hivyo namba ya chesisi hubaki ileile, na kwa magari mengi inawezekana kuiulizia kwa wakala au kwa mtengenezaji kama gari lina wito ambao haujatekelezwa. Kuuliza hakugharimu kitu. Kutengenezewa bure ni suala jingine, litategemea wakala wa nchi husika.

Tumrudie mzee. Yale mapenzi yake ya mimea na wanyama yalimpeleka Bavaria, ambako kuanzia mwaka 1912 alinunua ardhi ya tindiga kusini mwa Munich. Alifikiria kwanza kuitumia mboji yake kama nishati, kisha akaigeuza shamba, Boschhof, lenye ukubwa wa zaidi ya hekta 1,000. Alichimba mifereji ya kukausha maji, akafuga ng'ombe wa maziwa, akajaribu mashine na namna za kuhifadhi malisho. Mkulima yeyote aliyewahi kupigana na ardhi ya tindiga anaweza kukisia matokeo. Shamba lilimeza fedha za plagi na magneto. Yeye hakuliacha, na huku akiwa mkali kiwandani kwa klipu moja ya karatasi iliyoachwa sakafuni, kama inavyosimuliwa, shambani alivumilia hasara mwaka baada ya mwaka. Ni rahisi kumcheka, lakini ni wachache kati ya matajiri wetu wanaolima ambao vitabu vyao vya shamba vingesomeka vizuri zaidi.

Mtikisiko wa uchumi wa miaka ya 1920 na mwanzoni mwa 1930 ulimsukuma asitegemee magari peke yake. Zikaja drili na mashine za mkono, redio za Blaupunkt, vifaa vya gesi vya Junkers, na mwaka 1933 jokofu la kwanza, la mviringo kama pipa.

Mwaka huohuo Hitler alishika madaraka. Bosch alimchukia na kundi lake, na katika ofisi zake watu waliopinga utawala huo walipata hifadhi. Mwaka 1937 alimpa Carl Goerdeler, meya wa zamani wa Leipzig, kazi ya ushauri iliyomwezesha kusafiri. Goerdeler alikuja kunyongwa kwa njama dhidi ya Hitler. Hans Walz, mkono wa kulia wa Bosch, aliwasaidia Wayahudi kwa fedha za kampuni, na mwaka 1969 Israeli ilimtambua kuwa miongoni mwa wema wa mataifa. Ila kiwanda hichohicho kilitengeneza vifaa vya jeshi la Hitler, pampu zikiwamo, na wakati wa vita maelfu ya watu waliokamatwa na kulazimishwa kufanya kazi walitumikishwa humo. Mambo hayo mawili yalikwenda pamoja chini ya paa moja. Anayeandika maisha ya mtu huyu na kulitaja moja tu anamdanganya msomaji.

Bosch alifariki Machi 12, 1942 mjini Stuttgart, akiwa na miaka 80. Utawala alioudharau ulimfanyia mazishi ya kitaifa.

Tangu hapo jina lake limepata sifa na madoa. Mwaka 2019 waendesha mashtaka wa Stuttgart waliitoza kampuni faini ya euro milioni 90 kwa uzembe katika kashfa ya programu za kuficha moshi wa dizeli. Miaka miwili baadaye ukaja ule wito wa Ram.

Alichokiacha kuhusu umiliki si cha kawaida. Wosia wake uliwataka aliowaamini wailinde kampuni isitawanyike na waelekeze faida kwenye kazi za jamii. Mwaka 1964 hisa nyingi zilihamia kwenye taasisi ambayo leo inaitwa Taasisi ya Robert Bosch, inayomiliki takribani asilimia 94 ya mtaji lakini haina kura katika uendeshaji. Kura ziko kwa chombo kingine cha wadhamini. Kampuni mama haiuzwi katika soko la hisa. Gawio linalokwenda kwa taasisi hiyo hutumika katika elimu, utafiti na afya, ikiwamo hospitali ya Stuttgart ambayo mzee aliifungua mwaka 1940, miaka miwili kabla ya kifo chake.